Mtoto aende kwa bibi, bibi aje mjini, au abaki bibi wa likizo?

Hapa Uganda, Sheria ya Ajira ya 2006 humpa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi, na baba siku 4. Ukijumlisha Jumamosi na Jumapili, hizo 60 hufika kama wiki 12. Wakati huo shingo ya mtoto ndiyo kwanza imekaza, bado ananyonya usiku kucha, na kazini wameshaanza kuuliza. Mama anayeuza nguo soko la Owino, Kampala, hana hata hizo siku 60. Akikaa nyumbani muda mrefu, wateja wake wanahamia meza ya jirani. Hapo ndipo simu hupigwa kijijini: "Mama, tunakuletea mjukuu wako."

Kabla ya kupiga simu hiyo, kaeni chini mlinganishe. Familia ninazozijua, kuanzia Bombo na Kibuli hadi Arua, Mbale na Busia, hufuata moja ya njia tatu. Wapo wanaompeleka mtoto akaishi kwa bibi na babu. Wapo wanaomleta bibi mjini akae nao. Na wapo wanaobaki na mtoto mjini kwa msaada wa dada wa kazi au nasari, bibi akawa wa likizo na sikukuu. Mimi mwenyewe nililelewa na bibi Bombo mpaka nikaanza shule, na leo mama yangu ndiye bibi wa wanangu, kwa hiyo upande ninao na sitauficha.

Mtazame bibi kwanza

Hesabu ya wazazi wengi huanza na pesa. Dada wa kazi anataka mshahara, nasari inataka ada, bibi hataki kitu; mjadala unaishia hapo. Mimi ningeanza na mwili wa bibi na safari aliyoipita.

Bibi mwenye miaka 65 leo alikuwa na miaka 30 hivi mwaka 1990. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walikuwa wameripotiwa Kasensero, kule Rakai kando ya ziwa, mwaka 1982, na dawa za kupunguza makali hazikuwafikia watu wengi mpaka baada ya 2004. Katika miaka hiyo ishirini, mwanamke wa rika lake alizika kaka, dada na mashemeji, kisha akabaki na watoto wao. Kanungu, Twesigye Jackson Kaguri alipoanzisha mradi wa shule ya yatima ya Nyaka mwaka 2001, walezi wa watoto wale wengi walikuwa mabibi, na ndiyo sababu mradi ule baadaye ukajenga vikundi vya mabibi wenyewe. Kama bibi yenu ni wa Gulu au Kitgum, ongeza miaka ya vita na kambi za wakimbizi wa ndani. Mwanamke huyu amekwisha kulea zamu nzima ya watoto wasio wa tumbo lake, na wakati ule hakuna aliyemuuliza kama anaweza. Nyinyi mnayo nafasi ya kumuuliza.

Muulizeni mambo ya wazi. Magoti yanamruhusu kuinama na kuinuka na mtoto? Presha anaitibu au anaivumilia? Macho yanaona alama za kipimo kwenye kikombe cha dawa ya homa? Mtoto wa miaka miwili akielekea jikoni kwenye mafiga, atamfikia kabla hajafika? Upendo wa bibi hauna shaka, lakini mtoto wa umri huo hukimbizwa kwa miguu.

Wala msitegemee kwamba serikali itambebea mzigo. Ruzuku ya wazee ya SAGE ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na kwa sehemu kubwa ya nchi huanza mtu akitimiza miaka 80. Bibi wa miaka 62 hapati kitu. Na yule wa miaka 80 anayepata ndiye ambaye mgongo wake haufai tena kubeba mtoto.

Jambo jingine ambalo huwa halisemwi mezani ni bibi yupi. Kwa makabila mengi ya hapa mtoto ni wa ukoo wa baba, na bibi mzaa baba ana haki ya kumtaka. Lakini katika familia nyingi anayelea kwa vitendo ni bibi mzaa mama, kwa sababu mama wa mtoto huweza kumwambia ukweli mama yake mzazi: kwamba uji umekuwa mwepesi, kwamba mtoto amekonda. Kumwambia mama mkwe maneno hayo ni mtihani. Kama mabibi wote wawili wapo na wana nguvu, mimi ningemchagua yule ambaye mama wa mtoto anaweza kuzungumza naye bila kupima kila neno, na yule mwingine nikampa likizo.

Mtoto kijijini

Hii ndiyo njia ya wengi, na uzuri wake ni mkubwa. Mtoto anapata uwanja wa kukimbia, maembe ya msimu, kuku wa kufukuza, watoto wa jirani kumi badala ya ukuta wa nyumba ya kupanga. Anapata bibi ambaye muda wake haukatwi na msongamano wa magari wala simu za ofisini. Mtoto wa miaka minne humfuata bibi kutwa nzima, akimsaidia kuanika kahawa, kuchambua maharage na kupepeta ulezi, na kila kazi ina maelezo yake, hadithi yake, na wimbo wake mdogo. Bombo, wasichana hukaa pembeni ya bibi anayesuka tabaga, vile vyombo vya kusukwa vya rangi nyingi, na wanajua rangi zote kabla hawajaiona nasari. Jioni zinakuja hadithi za Wakayima, yule sungura mjanja, na vitendawili. Kwa Waacholi kulikuwa na moto wa jioni, wang oo, ambako wazee walizungumza na watoto wote wa boma; vita vilipowafungia watu kambini moto ule ulizimika kwa miaka mingi, na wazee waliorudi vijijini wanatamani watoto wa kuwasimulia.

Kwa familia za Tooro na Bunyoro kuna empaako pia. Mtoto hupewa moja ya majina kama Abwoli, Adyeri, Amooti au Atwooki, na hilo ndilo anaitwa kwa heshima na kwa mapenzi maisha yake yote. Mwaka 2013 UNESCO iliiweka desturi hiyo kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mtoto aliyekulia Kampala anaweza kuwa na empaako bila kuisikia mwaka mzima. Akiwa kwa bibi yake Fort Portal anaisikia kila asubuhi katika salamu, na kila mgeni anayeingia humuuliza ni nani naye hulitaja mwenyewe. Hakuna nasari inayoweza kumpa hilo.

Msimsahau babu. Watu huongea juu ya bibi tu, lakini nimeona wazee ambao kwa watoto wao wenyewe walikuwa wakali na wa mbali, wakawa watu wengine kabisa kwa wajukuu. Mzee aliyestaafu hana tena haraka, anamshika mjukuu mkono kwenda msikitini au shambani, anamfundisha jina la kila mti. Kama babu yupo na ana afya, nguvu ya njia hii huongezeka maradufu, kwa sababu bibi anapata nafasi ya kupumua.

Sasa upande wa pili. La kwanza ni umbali. Bombo ni kilomita 35 hivi kutoka Kampala. Unaweza kwenda Ijumaa jioni na taksi, ukarudi Jumapili. Arua ni karibu kilomita 500. Familia nyingi huahidi kwenda kila mwezi na huishia kwenda Krismasi au Idi. Ukiwa mkweli na nauli yako utajua wewe ni wa kundi gani kabla hujampeleka mtoto.

La pili ndilo linalowamaliza mabibi, na sioni likitajwa vya kutosha. Ukimpeleka mtoto mmoja, kaka yako ataona njia imefunguka naye atapeleka wake wawili. Dada yako aliyeachika atapeleka wake watatu. Mwaka wa pili bibi ana watoto saba chini ya paa moja, anayetuma pesa kwa uhakika ni mmoja, na chakula cha yule mmoja kinagawanywa kwa saba, kama inavyopaswa, maana bibi hawezi kumpikia mjukuu mmoja wengine wakitazama. Ndugu wote wakubaliane mapema: idadi ya watoto ambao mama anaweza kuwalea, na kila mzazi anatuma nini. Mazungumzo haya ni magumu, najua, lakini msimwachie bibi kukataa, kwa sababu hatakataa.

La tatu ni kazi. Kazi ndogo humjenga mtoto, na mabibi wengi ni hodari kwa hilo kuliko sisi. Wanaosema bibi huharibu watoto kwa kuwadekeza hawajakaa kwa bibi mwenye wajukuu wengi. Lakini kuna tofauti kati ya mtoto wa miaka sita kubeba kidumu cha lita tatu na yule anayechota maji ya nyumba nzima kabla ya shule. Ukifika kutembelea, mtazame mtoto anaamka saa ngapi na anaenda shule saa ngapi. Utapata jibu bila kumuuliza mtu.

Na pesa: mtumie bibi moja kwa moja kwenye laini yake mwenyewe, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake, hata kama simu yake ni katochi, ile ndogo ya vitufe. Pesa inayopitia simu ya mjomba hufika imepungua, na bibi haombi mara ya pili. Tuma tarehe ileile kila mwezi, mbali na pesa ya dharura ya bodaboda ya kumpeleka mtoto kituo cha afya usiku. Hiyo ya dharura akae nayo mkononi siku zote.

Bibi mjini

Faida yake kubwa ni moja na haina mpinzani: mtoto halali bila mama yake. Mama anaendelea kunyonyesha asubuhi na usiku, bibi anampa mtoto maziwa yaliyokamuliwa mchana, na akifika miezi sita bibi ndiye anayejua kutengeneza kitobero laini chenye njugu, samaki na mboga kuliko kijana yeyote wa kazi. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kisha kuendelea kunyonya pamoja na vyakula vingine mpaka miaka miwili au zaidi. Ukimpeleka mtoto wa miezi mitatu kijijini, ushauri huo umeishia hapo.

Mama mchanga naye anapata mwalimu. Homa ya kwanza, meno ya kwanza, usiku wa kilio kisichoeleweka: kuwa na mtu ndani ya nyumba aliyeyaona hayo mara sita au saba ni utulivu mkubwa.

Lakini bibi mjini analipa gharama ambayo watoto wake hawaioni. Kijijini alikuwa mtu: ana kiti chake msikitini au kanisani, ana zamu katika kikundi cha akiba, ni mwanachama wa munno mukabi, wale watu wanaosaidiana misiba na harusi. Akikaa mjini mwaka mzima, haendi kuwazika wenzake, na anajua maana yake. Anabaki kwenye nyumba ya vyumba viwili, geti limefungwa, majirani hawasalimiani, televisheni inaongea lugha ambayo haijui vizuri. Kuna mabibi wanaozoea. Wengi huanza kusema miguu inauma, na kinachouma hasa ni upweke.

Na kuna shamba. Hapa ndipo wazazi wa mjini wanapoweza kupanga kwa akili. Katika maeneo ya kusini na kati mvua hunyesha Machi mpaka Mei, na tena Septemba mpaka Novemba. Kaskazini ni msimu mmoja mrefu, kama Aprili mpaka Oktoba. Kumwita bibi wa Masaka mwezi Machi ni kumwambia aache maharage yasipandwe, na maharage yale ndiyo chakula chake cha nusu mwaka. Mwite baada ya mavuno: Desemba mpaka Februari, au Juni na Julai. Bibi wa Gulu anaweza kuja Desemba akakaa mpaka Machi. Kama lazima aje wakati wa kupanda, lipeni kibarua wa kumlimia. Hilo liwe sehemu ya gharama ya malezi, sawa na maziwa na nepi.

Mamlaka ndani ya nyumba nayo huleta msuguano. Bibi akisema mtoto avishwe sweta na mama akisema kuna joto, nani anasikilizwa? Kwa bibi mzaa baba swali hili huwa zito zaidi, na mume ndiye anayepaswa kusimama katikati mapema, si kukimbilia sebuleni. Njia niliyoiona ikifanya kazi ni kugawana: chakula, usingizi na kuoga ni vya bibi mchana, dawa na hospitali ni vya wazazi, na bibi hampi mtoto dawa yoyote kabla hajapiga simu.

Dada wa kazi na bibi wa likizo

Njia hii sitaiongelea sana, kwa sababu sehemu ya bibi ndani yake ni ndogo. Inawafaa wenye kipato cha uhakika, wenye mtoto wa miaka mitatu na zaidi anayeweza kueleza kilichompata mchana, na wale ambao bibi yao hana nguvu tena. Udhaifu wake ni kwamba dada wa kazi huondoka. Mtoto anamzoea mtu, mtu anapata kazi nyingine au anarudi kwao, na mtoto anaanza upya na mgeni.

Uhusiano na bibi unaweza kustawi hata hivyo, ukipewa ratiba. Simu ya Jumapili jioni saa moja, kila Jumapili bila kukosa, humjenga mtoto kuliko zawadi za ghafla. Bibi mwenye mjukuu mkubwa mwenye simu janja anaweza kurekodi hadithi ya dakika tano na kuituma kwa WhatsApp, mtoto akaisikiliza akiingia kulala. Na likizo ya Desemba mpaka mwisho wa Januari ni ndefu. Mpeleke mtoto, na ukae naye siku chache za kwanza badala ya kumshusha getini na kugeuza gari.

Umri ukiwekwa kando kwa kando

Hapa ndipo uamuzi hugeuka. Kuanzia miezi sita au saba mpaka karibu miaka mitatu mtoto anajua nani ni wake, na kutenganishwa na mtu huyo humuumiza sana. Kwa umri huu bibi kuja mjini ni bora kuliko mtoto kwenda kijijini, na mtoto kwenda kijijini pamoja na mama yake kwa muda ni bora kuliko kwenda peke yake. Kabla ya miezi sita kinachoamua ni maziwa.

Miaka mitatu mpaka sita ni umri wa dhahabu wa kijijini. Mtoto anaongea, anaweza kusema anaumwa wapi, anajua mama yuko Kampala na atarudi, na bibi hahitaji kumbeba tena. Akikaa mwaka mmoja au miwili kwa bibi katika umri huu, anarudi na lugha, na mahali pa kwao hapana tena ugeni kwake.

Darasa la kwanza linabadilisha mambo, na sababu yake ni lugha. Tangu mtaala wa 2007, darasa la kwanza mpaka la tatu katika shule nyingi za serikali vijijini hufundishwa kwa lugha ya eneo, na Kiingereza huchukua nafasi kuanzia la nne; shule za mjini huanza na Kiingereza moja kwa moja. Mtoto wa nyumba ya Kiswahili na Luganda akipelekwa Arua darasa la kwanza atajifunza kusoma kwa Lugbara. Ni jambo jema kama atabaki hapo mpaka la nne. Ukimtoa darasa la pili na kumleta shule ya Kampala, anajikuta nyuma kwa sababu isiyo yake. Chagua: ama akae amalize madarasa hayo, ama arudi kabla hajayaanza. Elimu ya msingi ya bure, UPE, ipo tangu 1997, lakini sare, madaftari na chakula cha mchana bado ni vya mzazi, na bibi asiachiwe hivyo.

Tuliona pia shule zilipofungwa Machi 2020 mpaka Januari 2022. Watoto wengi wa mjini waliishia kwa mabibi bila mpango wowote. Waliokuwa wamezoea kwenda likizo walikaa kama nyumbani, na wale ambao hawakuwahi kulala huko hata usiku mmoja walipata taabu, na mabibi zao vilevile.

Kadi ya kliniki na karatasi nyingine

Popote mtoto anapoenda, kadi yake ya chanjo iende naye. Chanjo za mwanzo ni za kuzaliwa, kisha wiki ya 6, 10 na 14, halafu surua-rubela ya miezi 9 na ya 18. Tangu 2025 wilaya nyingi zinatoa pia chanjo ya malaria, dozi nne: miezi 6, 7, 8 na 18. Mtoto anayehamishwa katikati ya tarehe hizi ndiye anayekosa dozi, kwa sababu bibi hajui alifikia wapi. Mwandikie tarehe inayofuata kwa maandishi makubwa, na umpigie simu siku hiyo.

Chandarua cha mtoto kinunuliwe hata kama bibi anacho chake. Mjulishe bibi kwa mhudumu wa afya wa kijiji, VHT, ambaye katika vijiji vingi ana kipimo na dawa ya malaria kwa watoto. Na kama mtoto anatumia ARV au dawa ya selimundu, uhamisho wa kliniki ufanywe rasmi kabla ya safari, na bibi aoneshwe kwa mikono yake namna ya kupima dozi.

Mwachie bibi nakala ya cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi, na barua fupi inayosema yeye ndiye mlezi. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ajulishwe mtoto ni wa nani. Wajibu wa mzazi chini ya Sheria ya Watoto haukomi kwa sababu mtoto yuko kwa bibi.

Mama anapokwenda kyeyo

Kwa mama anayekwenda kyeyo, yaani kazi za nje, Saudia, Oman au Dubai, mkataba huwa wa miaka miwili kwa kawaida, na kumleta bibi mjini kunakosa maana kama nyumba yenyewe inafungwa. Hapa kijiji ndicho chaguo, hata kwa mtoto mdogo. Lakini mama aende akakae huko na mtoto mwezi mzima kabla ya kusafiri, mtoto ajifunze harufu ya nyumba ile na sauti ya bibi mama akiwa bado karibu. Aage mchana, mtoto akiwa macho. Kutoroka akiwa amelala humfanya mtoto aogope usingizi.

Mtoto atamwita bibi "mama". Asikatazwe. Bibi amwoneshe picha na amwambie huyu ndiye mama aliyekuzaa, yuko kazini, na mtoto atakuwa na mama wawili bila shida yoyote. Kinachoumiza ni watu wazima kugombania neno hilo mbele yake.

Ningechagua nini

Kama bibi anaishi mwendo wa saa moja au mbili kutoka mnapofanya kazi, yaani Bombo, Mukono, Wakiso au Mpigi kwa watu wa Kampala, basi msiende mbali zaidi: mtoto akae kwa bibi Jumatatu mpaka Ijumaa, arudi kwenu mwisho wa wiki, au nyinyi mhamie karibu na bibi na mvumilie safari ya kazini. Kupanga nyumba jirani na bibi ni bora kuliko njia zote tatu nilizozitaja, na kodi ya huko mara nyingi ni ndogo.

Kama yuko mbali: chini ya miaka mitatu, bibi aje, kwa miezi michache inayojulikana mwanzo na mwisho, nauli ya kurudi ikiwa imeshawekwa. Kati ya mitatu na sita, kama bibi ana nguvu na wajukuu wengine hawajamzidi, mtoto aende. Kuanzia sita, arudi kwa wazazi na bibi awe wa likizo. Kama bibi ni mgonjwa au amechoka, njia ya tatu, bila kumlaumu, na pesa ya matumizi yake iendelee kwenda vilevile.

Siku ya kumrudisha mtoto nayo inahitaji mpango. Iwe Desemba, mwanzoni mwa likizo ndefu, ili apate wiki kadhaa za kuzoea kabla ya muhula wa kwanza kuanza Februari. Mzazi aende kijijini kwanza, akae siku kadhaa akimwogesha na kumlisha mtoto mwenyewe bibi akiwa pembeni. Kisha wasafiri wote watatu, na bibi alale mjini walau wiki mbili. Mtoto akiamka usiku akimwita bibi, bibi aitike. Usiku unaofuata waitike pamoja na mama. Baada ya hapo bibi apelekwe kwake, aage mchana, na mtoto aambiwe siku ya kwenda kumtembelea, na siku hiyo ifike kweli.